Mfarishi wa Viraka Uliokwama: Mwongozo wa Kuumaliza Hatua kwa Hatua

Karibu kila anayeniletea mfarishi uliomshinda huuleta ukiwa umekwama palepale. Viraka vimekatwa, safu nne tano zimeungwa, kisha furushi likapandishwa juu ya kabati kwa sababu mtoto aliumwa, au wageni walifika, au cherehani ilianza kuvuruga nyuzi. Miezi ikapita. Alipolishusha hakukumbuka alikuwa akishona kwa kipimo gani, pini zilikuwa zimeacha madoa ya kutu, na safu mpya zikakataa kulingana na zile za zamani.

Wengi hujilaumu kwa uvivu. Sikubaliani nao hata kidogo. Nyumba zetu hapa Tanga hazimpi mtu siku nzima ya kushona bila kuinuka, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo ipangwe iweze kuvumilia kukatizwa. Hapa tutaugawa mfarishi katika pande tatu, kila upande ukamilike peke yake, na kila hatua iwe na mahali pa kuachia bila hasara.

Vipimo vyote ni vya kitanda cha futi nne kwa sita. Mfarishi ukikamilika utakuwa takriban inchi 60 kwa 78, yaani utaning'inia inchi 6 kila ubavu na inchi 6 miguuni.

## Vitu vya kuandaa

- Vitambaa vya pamba vya kutosha viraka 130 vya inchi 7 kwa 7. Upande mmoja wa kanga wenye sentimita 150 kwa 110 hutoa viraka hadi 48 ukikata mpaka pindo.
- Kitenge kimoja cha yadi 6 kwa ajili ya mgongo wa mfarishi na ukingo. Chagua chenye upana wa inchi 44 au 45.
- Shuka kuukuu la kitanda cha sita kwa sita, la kuweka katikati ya viraka na mgongo. Blanketi jepesi linafaa kwa watu wa Lushoto, milimani. Kwa joto la Tanga mjini, shuka linatosha, na pia ni rahisi kulishona.
- Uzi wa polista wa rangi ya kijivu au maziwa, na uzi hafifu wa rangi kali wa kupigia bandi, yaani mishono mirefu ya muda.
- Sindano mpya za cherehani namba 14, na mbili tatu za namba 16.
- Sindano za mkono, subana ya kukinga kidole, pini, wembe, tepu ya fundi na rula ndefu.
- Mkasi wa nguo ambao hautumiki kukatia karatasi.
- Chaki ya fundi, au kipande chembamba cha sabuni kilichokauka. Sabuni huchora vizuri kwenye rangi nyeusi na hutoka kwa maji.
- Pasi ya umeme au ya mkaa.
- Daftari na kalamu. Usiviache, utaona kazi yake.

Vipande vya bure vinapatikana kwa mafundi wanaoshona barazani kule Ngamiani. Omba kwa adabu, chukua siku ambayo fundi hana foleni, na ukubali kwamba nusu ya utakachopewa hakitafaa. Mabaki ya mikono na makwapa mara nyingi yamekatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika kama mpira kikishonwa.

Uzi nao ujaribiwe dukani. Vuta kipande cha urefu wa mkono kwa nguvu ya kawaida. Ukikatika mara moja, umekaa juani sana kwenye rafu, nao utakatika hivyohivyo ndani ya mfarishi.

## Hatua ya 1: Fua na chuja vitambaa

Kanga na kitenge vipya vimejaa uwanga, na vitasinyaa mara ya kwanza vikifuliwa. Ukivishona kabla ya kufua, kiraka kipya kitasinyaa kando ya kikuukuu na mfarishi wote utajikunja. Loweka kila rangi peke yake, hasa nyekundu na nyeusi, ukasuuze hadi maji yawe meupe.

Kisha bonyeza kitambaa kibichi kwa pasi ya moto juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kirudishe kwenye maji. Kikiendelea kuchuja baada ya kufuliwa mara tatu, kiondoe, hata kama ndicho unachokipenda kuliko vyote. Rangi moja ya aina hiyo huharibu viraka 129 vilivyobaki.

Kwa vitambaa usivyovijua, kata uzi mmoja uunguze juu ya sinia lenye maji. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka ikawa punje ngumu, na itayeyuka pia chini ya pasi. Mfarishi huu uwe wa pamba tupu.

Umefaulu ikiwa una rundo la vitambaa vikavu, vilivyopigwa pasi, visivyotoa rangi. Hapa unaweza kuacha kazi hata mwaka mzima bila kupoteza kitu.

## Hatua ya 2: Kata viraka 130 kwa kiolezo kimoja

Tengeneza kiolezo cha inchi 7 kwa 7 kwa plastiki ngumu bapa. Kadibodi huliwa kidogo kila chaki inapopita, na viraka vya mwisho hutoka vidogo kuliko vya kwanza bila wewe kujua. Kikague kwa tepu pande zote nne, kisha kona kwa kona: mishazari miwili ikilingana, kona zako ni sawa.

Laza kiolezo kufuata nyuzi za kitambaa. Chora kwanza, kata baadaye. Usikate zaidi ya matabaka mawili kwa mkasi, kwa maana tabaka la chini huteleza.

Neno moja kuhusu majina ya kanga. Mtu akikata kanga ya mamake au ya bibi yake, lile jina hukatika maneno katikati na baadaye hujuta. Kata ukanda wote wenye maandishi kwanza, uuweke kando mzima. Ukikamilisha mfarishi, utaushona juu ya mgongo wake, upande wa kichwani, ukasomeka. Kanga za marehemu zinastahili uangalifu huo.

Panga viraka mafungu 13 ya viraka 10. Toboa kila fungu kwa sindano, upitishe uzi mmoja katikati na ufunge fundo legevu, pamoja na karatasi yenye namba ya safu. Usitumie pini. Hewa ya bahari hapa kwetu, hasa ukikaa Raskazone au Chumbageni, huitia pini kutu, na doa lake huingia matabaka yote kumi. Doa likishatokea, limau na chumvi juani husaidia, ila jaribu kwanza kwenye pindo kwani limau hufifisha rangi.

## Hatua ya 3: Iandae cherehani na uandike vipimo vyako

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua kazi nyingi.

Badilisha sindano. Sindano butu huruka mishono, nawe utadhani cherehani ni mbovu. Iingize hadi juu kabisa kabla ya kukaza skrubu. Uzi huingilia upande wenye mfereji mrefu na kutokea upande bapa. Ukiipachika kinyume, haitashona kabisa.

Inua mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, kabla ya kupitisha uzi wa juu. Mguu ukiwa chini, visahani vya kubana uzi vinakuwa vimefunga, uzi unapita nje yake, na chini ya kitambaa kunajaa fundo la nyuzi. Watu wengi huona fundo liko chini wakaanza kufungua bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, na kukaza skrubu zake. Acha bobini. Toa uzi wa juu wote, inua mguu, upitishe upya. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Fagia vumbi kati ya meno yanayosukuma kitambaa, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu la mafuta. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, hivyo yasikaribie kabisa. Ukitumia cherehani ya miguu na mkanda wa ngozi umelegea kwa unyevu wa masika, fungua waya wake, punguza kipande kidogo tu na uurudishe.

Sasa shona majaribio. Chukua viraka viwili vya mabaki vya inchi 7, viunge kwa mshono ulio nusu inchi kutoka ukingoni, vipige pasi, kisha vipime. Lazima vitoe inchi 13 kamili. Vikitoa 12 na robo tatu, mshono wako ni mnene, yaani umeingia ndani kuliko nusu inchi. Kosa la robo inchi halionekani kwenye viraka viwili, ila kwenye safu ya viraka kumi hukua hadi zaidi ya inchi mbili.

Ukishapata inchi 13, bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, ukingo wake ukiwa nusu inchi kutoka kwenye sindano. Hiyo ndiyo reli yako. Andika kwenye daftari: namba ya sindano, urefu wa mshono (milimita 2.5 zinatosha), umbali wa plasta, rangi ya uzi. Cherehani ikiazimwa na jirani ikarudi imechezewa, utaiweka sawa kwa dakika chache.

Aliye na kazi iliyokwama aanzie hapa. Pima safu zako za zamani, tafuta mshono uliotumika wakati ule, na uweke plasta kulingana nao. Usilazimishe kipimo kipya juu ya safu za zamani.

## Hatua ya 4: Unga safu, moja kwa kikao

Safu moja ina viraka 10 na mishono 9. Hiyo ndiyo kazi ya kikao kimoja, iwe alfajiri au baada ya Isha watoto wakilala. Usianze safu usiyoweza kuimaliza. Ikiwa muda ni mchache, kata nyuzi, piga pasi safu ya jana, au jaza bobini tatu.

Shona viraka viwiliviwili bila kukata uzi katikati: jozi ya kwanza ikitoka, sukuma ya pili chini ya mguu, na kadhalika. Jozi tano zitatoka zimeshikana kwa nyuzi fupi. Zitenganishe, kisha uziunge ziwe safu.

Piga pasi kila safu ikiisha. Safu zenye namba witiri, mishono ilale kulia. Zenye namba shufwa, ilale kushoto. Safu mbili zikikutanishwa, mishono itapishana na kubanana yenyewe, na kona zitakaa sawa hata kwa mkono usio na uzoefu. Bonyeza pasi na kuinua, usiiburuze. Pasi ya mkaa ipulizwe nje kwanza, ipanguswe chini, na juu ya kiraka uweke kitambaa kibichi, maana cheche moja inatosha kutoboa.

Safu iliyokamilika hupima inchi 61. Ikitoka 60 na robo tatu, ipokee, itarekebishika. Ikitoka chini ya hapo, usifumue safu yote: pima jozi mojamoja hadi uupate mshono mnene. Kufumua kuna adabu yake. Kata kwa ncha ya wembe kila mshono wa nne upande mmoja, geuza, uvute uzi wa upande wa pili. Utatoka mzima, na kitambaa hakitachanika.

Andika namba ya safu uliyomaliza, na mstari mmoja wa kitakachofuata: "Safu ya 6, jozi zimeshonwa, hazijatenganishwa." Mstari huo ukiusoma baada ya miezi miwili ya msiba, harusi na masika, hutahitaji kukumbuka kitu.

## Hatua ya 5: Tengeneza pande tatu

Unga safu ya 1 hadi ya 4 ziwe upande wa kwanza, ya 5 hadi ya 8 upande wa pili, ya 9 hadi ya 13 upande wa tatu. Pande mbili za kwanza zitapima inchi 61 kwa 25, wa tatu inchi 61 kwa 31.

Funga pini kwenye miisho, kisha katikati, kisha kila penye mshono. Safu moja ikizidi nyingine kidogo, iweke iliyo ndefu chini, upande wa meno. Meno huvuta kitambaa cha chini kwa kasi kidogo, na ziada humezwa bila mkunjo. Toa kila pini kabla haijafika kwenye sindano, na usilaze pini ndani usiku.

## Hatua ya 6: Panga matabaka na upige bandi

Kata kitenge cha yadi 6 vipande vitatu vya yadi mbili. Kutoka kila kipande, kata mgongo wa upande wake: inchi 65 kwa 29 kwa pande mbili za kwanza, inchi 65 kwa 35 kwa wa tatu. Mabaki marefu yahifadhi, ndiyo ukingo wako. Kata shuka kwa vipimo vilevile.

Fagia sakafu, uulaze mgongo uso ukitazama chini, uunyooshe bila kuuvuta, ubandike pembe kwa plasta. Juu yake shuka, juu yake upande wa viraka, uso ukitazama juu. Ubaki ukingo wa inchi 2 kila pembeni.

Piga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya inchi mbili, kuanzia katikati kuelekea nje, mistari ikiachana upana wa kiganja. Inachosha magoti, kwa hiyo tandika mto. Wanaobadilisha bandi kwa pini ndio hao hao ambao hupata mikunjo mgongoni wakakata tamaa, kwani mgongo hauonekani wakati wa kushona. Bandi pia haishiki kutu kazi ikilala.

Geuza ukague mgongo. Ukiona mkunjo, fumua bandi hiyo sasa.

## Hatua ya 7: Shona matabaka

Weka sindano namba 16 na urefu wa mshono milimita 3. Punguza mkandamizo wa mguu ikiwa cherehani yako ina skrubu ya juu. Fuata mitaro ya mishono, pale viraka vilipoungana: anza na mtaro wa katikati, kisha elekea kulia, kisha kushoto.

Zingatia hili: kwenye kingo zitakazoungana na upande mwingine, simama inchi 2 kabla ya kufika mwisho, uache nyuzi ndefu. Upande wa kwanza una ukingo mmoja wa namna hiyo, wa pili una miwili, wa tatu mmoja. Ukishona hadi mwisho, matabaka hayatafunguka na huwezi kuunga.

Sasa unaona faida ya pande. Upande wa inchi 25 hupita chini ya mkono wa cherehani ya kawaida bila kukunjwakunjwa, ilhali mfarishi mzima wa inchi 78 hujaa pale, huvuta sindano, nayo huvunjika. Wengi waliokata tamaa kwenye hatua hii walikuwa wakipigana na uzito, wakidhani hawajui kushona.

Umeme ukikatika na huna cherehani ya miguu, endelea kwa mkono kwenye mitaro hiyohiyo. Mistari ya mkono na ya cherehani inakaa vizuri pamoja kwenye mfarishi mmoja.

Hapa ndipo pa kuachia pazuri kuliko pote. Upande mmoja uliokamilika ni kitu: unaweza kumlaza mtoto juu yake huku ukisubiri nafasi ya kushona mwingine.

## Hatua ya 8: Unga pande

Weka upande wa kwanza juu ya wa pili, nyuso zikitazamana. Kunja mgongo na shuka la kila upande nyuma, ufunge kwa pini, ibaki viraka peke yake. Shona viraka kwa nusu inchi, kona kwa kona. Upasue mshono huo kwa pasi, ulale kulia na kushoto.

Geuza mfarishi kifudifudi. Ondoa pini. Punguza mashuka mawili yakutane ukingo kwa ukingo, yasipandane, la sivyo patakuwa na tuta. Laza mgongo wa kwanza, uupunguze ubaki nusu inchi kuvuka mshono. Kunja mgongo wa pili nusu inchi ndani, uulaze juu ya wa kwanza, uushone kwa mkono kwa mishono midogo ya kuficha.

Rudi na ile mistari uliyoiacha inchi 2, uimalizie. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa tatu. Mfarishi ukilazwa kitandani na mshono wa kuungia hauhisiki kwa kiganja, umeshona sawasawa.

## Hatua ya 9: Ukingo

Punguza shuka na mgongo vilingane na viraka. Kutoka mabaki ya kitenge kata vipande vitano vya inchi 3 kwa 72, uviunge mshazari viwe utepe mmoja, uukunje katikati kwa urefu, upige pasi.

Anzia katikati ya ubavu, kamwe si kwenye kona. Kingo mbichi za utepe zilingane na ukingo wa mfarishi upande wa viraka. Shona kwa nusu inchi. Ukikaribia kona, simama nusu inchi kabla, rudisha mishono miwili, kata uzi. Kunja utepe juu ufanye mshazari, uushushe chini ulingane na ubavu mpya, uanze tena kutoka juu. Kona itakaa kali.

Pindua utepe nyuma na uushone kwa mkono. Ni inchi 276 za mshono. Gawanya ubavu mmoja kwa kikao.

## Kuhifadhi kazi ikilazimika kulala

Tumia foronya ya pamba, na si mfuko wa nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini bado imejaa majumbani, nayo hufungia unyevu. Masika ya Machi hadi Mei ikikuta kitambaa ndani yake, utafungua ukungu. Sindano zifunge kwenye kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, ndani ya kopo lenye mfuniko. Daftari likae humohumo kwenye foronya.

Shusha foronya mara moja kwa mwezi, uianike kivulini penye upepo. Mende hupenda uwanga. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kufua vitambaa mapema.

## Kufua mara ya kwanza

Fumua bandi zote zilizobaki kabla ya maji. Fua kwa maji baridi na sabuni kidogo, usikamue kwa kusokota. Mfarishi ukiwa na maji ni mzito, na kamba moja huvuta mishono ya kuungia pande. Uulaze juu ya kamba mbili zilizoachana kama hatua moja, kivulini, mgongo ukitazama juu. Ukikauka, kagua ile mishono ya mkono ya hatua ya 8. Palipolegea, rudia mshono siku hiyohiyo kabla haujatandikwa.